Pole ya Mtani kwenye Mtandao

Kompyuta zilipofika shuleni kwetu Kibiti, daraja la Mto Rufiji lilikuwa limeshafunguliwa, na mabasi ya Lindi yalikuwa yakipita mbele ya geti letu kwa kasi ya watu wasiongoja tena kivuko. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaingia kwa pamoja. Makampuni ya simu za mkononi yalikuwa yakigombania kuta za maduka zipakwe rangi zao, mitumba ilijaa mnadani, na vijana walirudi kutoka Dar es Salaam na maneno mapya ambayo sisi walimu tuliyasikia kwanza kwa wanafunzi kabla hatujayaelewa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na sisi wa kando ya barabara tulikuwa tunaona vyote vikipita.

Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili. Nimezaliwa visiwani, kule kwenye delta, kwa baba aliyekata boriti za mikoko na mama aliyekausha kamba wa baharini. Nilikuja bara kusoma, nikabaki bara kufundisha. Siku wafadhili walipoleta kompyuta na kufunga ungo wa mtandao juu ya paa la maktaba, mwalimu mkuu alinisimamisha kwenye varanda akaniambia, "Mwalimu, wewe unaongea sana. Hii kazi ya majadiliano tunakupa wewe."

Nilicheka, nikaikubali. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: darasa letu la kidato cha tatu lingezungumza kwa maandishi na darasa la kidato cha tatu la shule moja ya Dar es Salaam. Kila Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri, jenereta ingewashwa, ukurasa mmoja ungefunguka kwenye kompyuta za kwetu na za kwao, na atakachoandika mmoja wote wangekisoma. Mwalimu wa kule, mwanamume ambaye sikuwa nimewahi kumwona, angewasimamia wake. Mimi ningewasimamia wangu.

Nilidhani tabu itakuwa kuchapa. Kumbe kuchapa walijifunza upesi. Tabu ilikuwa salamu.

Watoto wangu walikuwa wamefundishwa kuandika barua, na barua kwetu haianzi na shida. Basi wakaanza kama walivyolelewa: asalaam alaykum, ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, tunaendelea vyema na masomo, hofu na mashaka ni juu yenu nyinyi mlio mbali na macho yetu. Walikuwa wakichapa kwa kidole kimoja, wakiitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele. Salamu zilipokwisha, na muda wa jenereta ulikuwa umekwisha.

Wa Dar es Salaam wao walikuwa wanaingia moja kwa moja. Ujumbe wao wa kwanza kabisa kwetu ulikuwa: "Mnakula nini huko?"

Kijana mmoja wa Dimani, mpole ambaye hata kuomba chaki aliomba kwa haya, aliinuka kwenye kiti.

"Mwalimu, hawa hata hodi hawana?"

"Labda wana haraka," nikasema.

"Haraka ya kutuuliza chakula?"

Juma lile nilimwandikia mwenzangu wa Dar es Salaam barua pepe. Nilimweleza kwamba wangu wanaona wake wamevamia nyumba. Akanijibu kwa adabu kwamba wake wanaona wangu hawafiki kwenye hoja. Tukakubaliana jambo dogo. Mwenye kuanza aandike neno moja tu, "Hodi," na yeyote wa upande wa pili amjibu, "Karibu." Baada ya hapo mazungumzo yaanze. Wanafunzi walilipenda. Wa Dar es Salaam walilifanya mchezo, wakawa wanapiga hodi kila dakika. Wangu walilichukua kwa uzito. Kama hajajibiwa karibu, mtu anakaa na mikono mapajani, anangoja.

Adabu nyingine zilikuja vilevile, moja baada ya nyingine, kila moja kwa sababu ya jambo lililotokea. Kompyuta iliyokuwa karibu na dirisha ilikuwa na kitufe kilichokwama, ikawa inaandika herufi kubwa tupu, na wa Dar es Salaam wakauliza kwa nini mwenzetu anatupigia kelele. Tukaeleza, tukaomba radhi, tukakitengeneza kitufe kwa ncha ya sindano. Wakati mwingine mmoja alimjibu mwenzake kabla hajamaliza, wakawa wawili wanazungumzia mvua na wawili wanazungumzia mpira kwenye mstari uleule. Tukakubaliana kungojana. Nilikuwa nimebandika karatasi ya manila ukutani, na kila tulipokubaliana jambo, binti mmoja mwenye mwandiko mzuri aliliongeza chini ya lile la mwanzo.

Binti huyo alikuwa wa Nyamwage. Ndiye ninayetaka kusimulia habari zake.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mtu yeyote pale shuleni, pamoja na mimi. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, mwanamke aliyekuwa akiitwa kwenye misiba ya vijiji vyote vya barabara ile kwa kazi ya utani. Bibi akifika msibani hasalimii. Anaingia akidai kiti cha marehemu, anavaa kofia ya marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikohoa, anawatukana wafiwa kwamba wamemuua wenyewe kwa ubahili wa nyama. Wafiwa wanalia, halafu wanacheka, halafu wanalia tena vizuri zaidi. Mjukuu alikuwa amebebwa mgongoni kwenye misiba hiyo kabla hajajua kusema. Bibi alipofariki, binti akiwa darasa la sita, watani walikuja wakamfanyia yeye kila alichowafanyia wengine. Binti aliniambia kwamba ndiyo siku aliyojua kuwa bibi alipendwa.

Basi Alhamisi moja tulikuwa tunajadili habari za safari. Kijana mmoja wa Dar es Salaam, aliyekuwa akiandika sana na kwa akili, alikuwa amepotea majuma kadhaa. Siku hiyo akarudi. Akapiga hodi, akakaribishwa, akaandika: "Samahanini, sikuwepo. Tulisafiri Tabora kumzika bibi yangu, mama yake baba. Sisi kwetu ni Wanyamwezi."

Watoto wangu wakaanza kuandika pole, mmoja mmoja. Binti wa Nyamwage alikuwa kwenye kompyuta ya katikati. Niliona mabega yake yakinyooka. Kwetu pwani Mnyamwezi ni mtani; hilo halisomwi shuleni, mtu analinyonya kwa mama. Akachapa haraka kuliko siku zote. Nilisimama nyuma yake nikasoma herufi zikijitokeza:

"Sisi watani hatuna pole. Kwa nini hamkutuita? Tungekuja tukalala kaburini mpaka mtupe kuku wawili. Sasa bibi mmemzika kimyakimya kama mnaficha muhogo, atarudi usiku kufuata michembe yake ya viazi. Na nyinyi mlivyozoea kubeba mizigo, mngembeba mkamleta huku tumzike sisi wanaojua."

Nilicheka kwa sauti. Darasa zima lilikuja kusoma, wakacheka, yule wa Dimani mpole akapiga meza. Ilikuwa pole safi, ya mtu aliyefundwa. Bibi yake angejivunia.

Upande wa pili hakuna aliyejibu. Tulingoja. Mistari ya wenzetu ilikuwa imekoma kabisa, na kioo cha kompyuta kilikuwa kinatutazama tu. Kisha ukurasa ukafungwa kwa upande wao.

Barua pepe ya mwalimu mwenzangu ilifika siku ya pili yake. Hakuwa amewahi kuniandikia kwa ukali. Alisema kijana ametoka darasani akilia, na wenzake wamekasirika. Alisema amesoma ujumbe ule mara kadhaa akitafuta tafsiri nyingine asiione. Mtoto aliyefiwa ametukanwa, bibi yake ametukanwa, kabila lake limetukanwa, na kwamba yeye hawezi kuendelea na majadiliano mpaka mwanafunzi huyo aadhibiwe. Akamalizia kwa kuuliza, kwa heshima zote, nilikuwa wapi ujumbe huo ukiandikwa.

Nilimwita binti ofisini nikampa asome. Alisoma amesimama. Alipofika mwisho alikaa chini bila kuambiwa.

"Analia kwa sababu yangu?"

"Ndivyo alivyosema mwalimu wake."

"Lakini Mwalimu, ile ndiyo pole yake." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Wenzangu wote wameandika pole, pole, pole. Hiyo si anapewa na kila mtu? Mimi nimempa ya kwake."

"Najua."

"Bibi alipokufa mimi sikula mpaka watani walipokuja. Wao ndio walionilisha, huku wananitukana." Akaanza kulia naye. "Sasa mimi nimemfanya mtu mfiwa alie peke yake."

Sikuwa na la kumwadhibia, na sikuweza kumwambia mwenzangu kwamba hakuna kosa, maana kijana kweli alikuwa ameumia. Nilitembea nyumbani nikilifikiria. Msibani, nikawaza, mtani anaingia na mwili wake mzima. Unamwona amejifunga kanga vibaya makusudi, unamwona macho yake mwenyewe yana machozi. Unajua mama yake ni nani. Anakutukana huku amekushika mkono. Sisi tulikuwa tumepeleka matusi peke yake, tukaacha mkono Kibiti.

Siku iliyofuata nilinunua vocha nikampigia simu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake. Nilitegemea mtu mzima wa sauti nzito, kumbe alikuwa kijana kama mimi, na alikuwa na mafua.

"Mwalimu," nikamwambia, "nakuomba kitu kimoja. Kabla sijamwadhibu binti, mwoneshe baba yake huyo kijana ule ujumbe."

"Nimwoneshe mfiwa matusi ya marehemu mama yake?"

"Ndiyo. Na umwambie umetoka kwa binti wa Rufiji."

"Mwalimu, mimi kwetu ni Upare. Haya mambo yenu ya pwani..."

"Mwoneshe tu. Akikasirika, nitakuja mwenyewe Dar es Salaam nimpigie magoti."

Alikubali shingo upande. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Binti alikuja darasani, alijibu maswali, lakini hakuna aliyecheka siku zile kwa kuwa aliyekuwa akiwachekesha amenyamaza. Alhamisi ilipofika sikuwasha jenereta. Tukakaa kwenye varanda ya maktaba tukasoma insha zao, na hakuna aliyeuliza kuhusu kompyuta.

Simu ililia Jumamosi asubuhi, niko uani nachambua mchele. Namba nisiyoijua.

"Wewe ndiye mwalimu wa huyo mshenzi wa Rufiji?"

Sauti ilikuwa ya mwanamume mtu mzima. Nikasema, "Ndimi, baba. Naomba radhi..."

"Radhi ya nini? Yuko wapi huyo mtoto? Kwa nini amechelewa?" Kisha nikasikia anacheka, kicheko kilichokatika katikati, akavuta pumzi. "Mwalimu, nisikilize. Nimemzika mama yangu. Ndugu wa kule Tabora wamefanya yao, sawa. Lakini nimerudi mjini hapa, nyumba imejaa watu wanaokuja wamevaa vizuri, wanakaa, wanasema pole, wanakunywa chai, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyenitukana. Nikasema, basi, mjini mimi sina watani. Nimeonekana kama sina watu."

Nilikuwa nimeshika ungo wa mchele mkono mmoja, sikuthubutu kuuweka chini.

"Nimesoma huo ujumbe nikacheka mpaka mke wangu akaja kuniangalia. Halafu nikalia. Sikuwa nimelia tangu makaburini. Mwambie mtoto huyo nimemsikia. Na mwambie kuku hapati."

"Na mwanao, baba?"

"Mwanangu kosa ni langu. Amezaliwa Temeke, sijamfundisha kitu. Nimemkalisha jana mpaka chai ikapoa, nikamweleza watani wake ni akina nani. Alikuwa hajui. Alidhani anachukiwa."

Nilikwenda bwenini mwenyewe, Jumamosi hiyohiyo. Nilimkuta binti anafua. Nilipomwambia, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akacheka na kulia kwa pamoja, mikono ina povu, na wenzake wakamzunguka wakitaka kujua maneno yote ya yule baba, neno kwa neno, hasa lile la kuku.

Alhamisi iliyofuata ukurasa ulifunguka. Walioanza ni wao. Kijana aliandika: "Hodi."

Chumba kizima kilimgeukia binti. Akachapa: "Karibu." Halafu, bila mtu kumwambia, akaongeza: "Kabla hujasema, naomba nikupe pole ya kawaida. Pole sana kwa bibi. Mimi pia nililelewa na bibi, naye amefariki. Najua ilivyo."

Jibu lilichukua muda. Lilikuja hivi: "Asante. Nimeipokea. Sasa nakujibu yale mengine. Baba anasema nyinyi Warufiji mnajenga vijumba shambani juu ya miguu ya miti, mnalala huko juu kama kuku mkiogopa viboko. Mtu anayelala kama kuku anatudai kuku wa nini? Ajile mwenyewe."

Nadhani kelele zilisikika mpaka stendi. Mwalimu wa hesabu alikuja kuchungulia. Maana ni kweli, madungu yetu ya mashamba ya bondeni yako hivyohivyo, na kila mtoto pale alikuwa amelala huko akifukuza nguruwe na ndege. Yule mpole wa Dimani alikuwa amelala sakafuni kwa kicheko. Binti alikuwa ameshachapa mistari mitatu kabla sijamkumbusha angoje mwenzake amalize.

Ilibaki sisi walimu kuamua la kufanya na utani. Mwenzangu alitaka tuupige marufuku kabisa kwenye ukurasa, kwa sababu si kila baba angecheka. Mimi sikutaka, na tuliandikiana barua pepe nyingi juu yake, kila mmoja akiwa mpole kuliko mwenzake na hakuna anayerudi nyuma. Mwisho tuliwaachia wanafunzi wajadili wenyewe, na huo ndio ukawa mjadala mzuri kuliko yote tuliyowahi kuwa nao. Msichana mmoja wa Dar es Salaam aliandika kwamba maneno yaliyoandikwa hayana uso, kwa hiyo mwandishi lazima aweke uso kwanza. Kijana wa kwetu akasema mtani aulize, "Wewe ni nani kwangu?" kabla hajatania. Yule wa Dimani akapinga. Utani ukiombewa ruhusa, aliandika, umeshakufa. Hakuna mtani anayebisha hodi. Mpaka leo nadhani alisema kweli. Lakini alishindwa kwa kura, akakubali kwa uungwana. Kwenye manila binti aliandika: pole kwanza, utani baadaye, na tujuane kabla. Akaandika kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari.

Majadiliano yale yaliendelea muhula huo na mwingine. Hayakuwa mazuri kila siku. Kuna siku ungo uligeuzwa na upepo tukakaa tunaangalia kioo cheupe, na kuna siku walibishana juu ya Simba na Yanga mpaka tukalazimika kuzima. Lakini hakuna tena aliyetoka darasani akilia, kwao wala kwetu. Baadaye nilifundisha madarasa mengine, na watoto waliokuja na simu zao na makundi yao ya kuchati, na kila nilipoanza na darasa jipya niliwauliza kwanza watani wao ni akina nani. Wengi wa mjini walikuwa hawajui. Niliwatuma wakaulize nyumbani, na walirudi wakiwa na mengi ya kusema.

Likizo ya mwezi wa sita ya mwaka uleule mwalimu mwenzangu alikuja kututembelea. Alishuka basi pale Kibiti na mkoba mdogo, mwanamume mfupi mwenye miwani, akitazama huku na huku. Wanafunzi waliobaki bwenini walikuwa wamepika wali na kamba niliowaagizia nyumbani kwetu delta. Walijipanga, wakamwamkia. Binti wa Nyamwage, ambaye ulimi wake ulifika Temeke, aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Mwalimu," kwa sauti ambayo nusura isisikike.

"Ndiye huyu?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Mbona mdogo hivi?" Akamgeukia. "Marahaba, mwanangu. Umenipa kazi mwaka huu."

Binti akainua macho kidogo. "Samahani, Mwalimu. Mwalimu ni kabila gani?"

"Mpare."

Alifikiri. Wenzake nao walifikiri, wakatazamana, mmoja akatikisa kichwa.

"Basi Mwalimu huku huna mtu," akasema binti kwa huruma ya kweli. "Tutakuheshimu tu."

Mwenzangu alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Tukamkaribisha mkekani, akanawa, na binti akampakulia yeye kwanza, kamba wengi juu ya wali, kama anavyopakuliwa mgeni.